Ukuta tuliouchapisha Kolwezi ulianguka, nami nikamwandika mtu asiyehusika

Wakuu, poleni na majukumu ya siku.

Nilimwahidi mama mmoja wa hapa Kolwezi kwamba jambo nililoliandika kwa Kifaransa nitaliandika upya kwa Kiswahili, na kwamba safari hii sitaacha kitu. Anaitwa Mama Béa. Mume wake ni Tata (yaani Mzee) Kasongo, fundi wa zege, ambaye nusu ya mji inaamini ndiye aliyeangusha ukuta wa shule.

Si yeye. Naandika ili kueleza kwa nini si yeye, na ni nani.

Jina la mradi sitalitaja. Jina la Tata Kasongo nimelitaja kwa ruhusa yake, kwa sababu jina lake ndilo lililoharibiwa.

Mimi ni mhandisi wa ujenzi, nilihitimu Lubumbashi miaka minne iliyopita. Mwaka mmoja nilifanya kazi Kigoma, na huko ndiko nilikojifunza Kiswahili hiki ninachowaandikia. Maneno ya watu wa hapa nitayaacha kama walivyoyatamka. Mtayaelewa.

Kwa msioijua Kolwezi: mji umekaa juu ya shaba na kobalti, na mashimo ya migodi yanazidi kuusogelea. Mtaa mmoja ulihamishwa ili shimo lipanuliwe. Familia zilipelekwa nje ya mji, kando ya barabara kuu, zikapewa viwanja, nyumba za bati na ahadi ya shule. Hiyo ahadi ya shule ndiyo iliyotuleta sisi na mashine yetu.

Mashine yenyewe ni fremu kubwa ya chuma yenye pua inayotembea. Pua inatoa zege laini kama mtu anayekamua dawa ya meno, inazunguka ramani ya jengo, inapanda kidogo, inazunguka tena. Tabaka juu ya tabaka, ukuta unainuka bila mbao za kumwagia zege. Mafundi wetu waliibandika jina la Belle-mère, yaani mama mkwe, kwa kuwa ukiwa mbele yake huketi, hupigi kelele, na humfanyi asubiri.

Niliipenda kazi ile. Tasnifu yangu ya chuo ilihusu jambo hilohilo: namna ya kuingiza chuma ndani ya zege iliyochapishwa. Niliamini kwamba watoto waliofukuzwa na shimo watasoma ndani ya jengo ambalo hata miji mikubwa haina. Niliamini hivyo kwa moyo wote, na sehemu ya kosa langu ilianzia hapo.

Naomba nieleze kidogo habari za chuma, maana bila hiyo hamtanielewa.

Zege ina nguvu ikikandamizwa, lakini ikivutwa au kupindwa inakatika. Ndiyo maana tunaweka nondo, ambazo huku tunaziita fer. Katika ujenzi wa kawaida unasuka nondo kwanza, kisha unamwaga zege juu yake. Mashine ya kuchapisha haikubali utaratibu huo, kwa sababu pua itagonga nondo zilizosimama.

Kuna njia kadhaa za kulikwepa tatizo hili. Wapo wanaochanganya nyuzi fupi ndani ya zege. Wapo wanaolisha kebo nyembamba kupitia puani, ikatoka pamoja na zege yenyewe. Wapo wanaovuta nyaya nene ndani ya ukuta baada ya kukauka, wakaubana kutoka juu hadi chini.

Sisi tulitumia njia ya mikono. Ukuta ulikuwa na ngozi mbili, ya nje na ya ndani, na katikati yake matundu yaliyo wazi. Kila baada ya tabaka chache fundi alilaza ngazi nyembamba ya waya kabla pua haijarudi. Hicho kilikuwa chuma cha kulala. Chuma cha kusimama kilikuja baadaye: nondo ziliteremshwa ndani ya matundu kutokea juu, zikapishana na zile zilizotoka kwenye msingi, kisha matundu yakajazwa zege nyepesi. Nondo haifanyi kazi kwa kuwepo tu. Inafanya kazi pale zege inapoikumbatia pande zote.

Naomba mlishike hilo.

Jambo la pili ni kwamba tabaka mbili hushikana tu kama ya chini bado ni mbichi. Ikikaa ikafanya ngozi, ya juu inalala juu yake kama sahani juu ya sahani. Hapo panaitwa kiungo baridi. Kwa jua letu la mwisho wa kiangazi, ngozi hiyo inakuja ndani ya dakika chache.

Siku mambo yalipoanza kuharibika, ukuta wa darasa la kwanza ulikuwa umefika kifuani. Nadège, dada mmoja kutoka Lubumbashi aliyeendesha mashine, alikuwa kwenye kompyuta yake. Tata Kasongo na mafundi wake wanne walikuwa juu ya majukwaa wakilaza waya. Mimi nilikuwa na pimamaji mkononi.

Tukasikia nyimbo kutoka barabarani.

Jana yake shimo la wachimbaji wadogo lilikuwa limeporomoka na kijana mmoja alitolewa akiwa mfu. Wenzake walikuwa wanampeleka makaburini. Mbele walikuja vijana wenye matawi ya miti, nyuma yao lori lenye jeneza, na nyuma ya lori watu wengi kwa miguu, wengine bado wana vumbi la mgodini.

Hapa kwetu, maiti ya mchimbaji ikipita, aliye kando ya njia anasimamisha kazi na kuvua kofia. Hakuna sheria iliyoandikwa. Wengi wa vijana hao wametoka majimbo ya mbali, hawana ndugu hapa, na sisi tuliopo njiani ndio tunaogeuka ndugu zao kwa muda wa kupita. Asiyesimama anaonekana. Siku nyingine anapigwa mawe.

Tata Kasongo alishuka, akavua kofia yake ngumu, akanijia.

"Ingénieur, mufu iko napita. Shiye tutasimama. Ya mashini, we njo unajua."

Alikuwa ananiambia kwamba wao watasimama, na kwamba habari ya mashine ni yangu kuamua. Nadège alinitazama. Alinikumbusha kwa sauti ya chini kwamba mkurugenzi wa mradi alikataza kusimamisha katikati ya mzunguko. Mimi nilinyoosha mkono, nikabonyeza kitufe chekundu mwenyewe. Mashine inahifadhi kumbukumbu ya kila anayeigusa, na namba yangu ya mtumiaji ipo pale mpaka leo.

Sijutii kusimama. Nilivua kofia, nikainamisha kichwa, na msafara ukachukua karibu saa nzima kwisha, kwa sababu lori liliharibika mbele yetu wakalisukuma. Najutia kilichofuata.

Tuliporudi, tabaka la juu lilikuwa limekauka. Zege iliyokuwa puani ilikuwa imeanza kushika, na Nadège alipoisukuma itoke, mabonge yake yalidondoka ndani ya matundu kadhaa upande wa kaskazini. Niliyaona yakidondoka.

Dawa ya kiungo baridi inajulikana. Unakwaruza uso wa tabaka, unaulowesha, unaupaka uji wa saruji, kisha unatoboa na kupandikiza vipande vifupi vya nondo vinavyovuka kiungo. Kazi ya nusu siku. Mabonge nayo unayavunja kwa chuma kirefu na kuyatoa. Lakini wageni wa kuoneshwa shule walikuwa wanakuja Jumamosi, na mkurugenzi alikuwa ameshapiga simu mara mbili kuuliza kwa nini mashine imesimama.

Tata Kasongo hakusubiri kuulizwa.

"Hapa tupige matundu, tuweke bipande ya fer, juu na chini bishikane. Bila bile, hii haina mur moya. Ni mbili."

Ukuta huu si mmoja, ni miwili. Mtu asiyewahi kukanyaga chuo aliisoma hali ile kwa sentensi tatu, na kila moja ilikuwa sahihi.

Mimi nilimjibu kwa mhadhara. Nilimweleza kwamba nondo za kusimama zitapita ndani ya matundu, zitavuka kiungo kile, na zitatosha kubeba nguvu yote ya kupinda. Nilimchorea kwa mkaa kwenye ubao. Mafundi vijana walicheka, mmoja akasema Tata Kasongo anamwonea wivu Belle-mère kwa kuwa mashine inajenga bila mwiko. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Alikwenda kuosha mwiko wake.

Tulilowesha tu tabaka lile kwa maji, tukaendelea kuchapisha hadi juu.

Kwenye karatasi hesabu yangu ilikuwa sahihi, wakuu. Nondo zile zingetosha. Lakini hesabu yangu ilichukulia kwamba matundu yamejaa.

Ukuta uliposhika tuliegemeza mirunda ya mbao pande zote, tukateremsha nondo na kumwaga zege ndani ya matundu. Siku mbili baadaye Tata Kasongo alipita na nyundo. Aligeuza mpini, akawa anagonga ukuta pole pole, sikio karibu, kama daktari anavyogonga kifua cha mgonjwa. Upande wa kaskazini, pale kwenye kiungo na chini yake kidogo, akasimama. Akaniita.

"Sikia. Hapa zege haikufika."

Aligonga juu, sauti nzito. Akagonga pale, sauti ya kopo. Bonge lilikuwa limeziba tundu, zege ikakaa juu ya bonge, na chini yake pakabaki hewa.

Niliisikia. Hili ndilo jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu hadi nilipokwenda nyumbani kwake. Niliisikia vizuri kabisa. Nikamwambia kwamba kuta zilizochapishwa zina ngozi nyembamba, hivyo hulia namna hiyo.

Alinitazama usoni.

"We njo ulisoma," akasema, akarudisha nyundo kwenye mkanda.

Mchana huo nilisaini fomu ya kuthibitisha kwamba matundu yote yamejazwa. Kuna mstari kwenye fomu ile unaouliza kama ukaguzi wa kugonga umefanyika. Nilijaza kwamba umefanyika. Na kweli ulikuwa umefanyika.

Wageni walikuja, wakapiga picha, wakaondoka. Tulikuwa bado hatujaezeka.

Asubuhi ya Jumatatu ilikuwa zamu ya kutoa mirunda. Hewa ilikuwa nzito, mawingu ya mvua ya kwanza yamejipanga. Baadaye mafundi wake waliniambia kwamba Tata Kasongo aliwatoa wote ndani ya darasa kabla ya kugusa upande wa kaskazini. Walimuuliza sababu. Akawaambia, "Mutoke bote. Huu mi njo nitautoa." Aliuogopa ukuta ule, ndiyo maana aliingia peke yake.

Alipotoa mrunda wa mwisho upepo ukaja. Nilikuwa nje, hatua kama thelathini. Sehemu ya juu ya ukuta ilijitenga na ya chini kwenye mstari ulionyooka, mstari ule wa mazishi, ikalala kuelekea ndani. Haikupasuka hewani. Ilianguka nzima.

Tulimtoa kwa mikono na nondo za kuinulia. Alikuwa hai. Mguu wa kulia ulikuwa chini ya ukuta, kuanzia gotini kushuka.

Walipokwisha kumpeleka hospitali nilirudi pale peke yangu. Mvua ilikuwa imeanza. Nikaziangalia nondo zilizochomoka. Upande wa kusini, zile chache zilizokatika zilikuwa na zege imezing'ang'ania. Upande wa kaskazini zilitoka tupu. Zilikuwa safi kama siku tulipozipokea kutoka dukani, hata punje ya saruji haikuwa imezigusa. Nilishika moja, nikaketi nayo kwenye kifusi, nikajua kila kitu.

Mkurugenzi aliomba ripoti kabla ya jioni. Alikaa karibu yangu nikiandika. Hakunilazimisha, sitamsingizia. Aliniambia tu kwamba mradi hauwezi kubeba kosa la usanifu wala la usimamizi, na kwamba kilichotokea barabarani kila mtu alikiona.

Niliandika sentensi hii, naitafsiri neno kwa neno: "Uchapishaji ulikatizwa kufuatia mafundi wa zege, wakiongozwa na msimamizi wao, kuacha kazi kwa sababu za kimila, na kukatizwa huko kulileta kiungo baridi ambacho ndicho chanzo cha kuanguka."

Isomeni tena. Hakuna neno la uongo ndani yake. Mafundi waliacha kazi. Msimamizi wao aliwaongoza. Kiungo baridi kilikuwepo. Na sentensi yote kwa ujumla wake ni uongo, kwa sababu imeficha kitufe, imeficha mabonge, imeficha nyundo na imeficha saini. Chuo kilinifundisha kuandika Kifaransa kizuri. Nilikitumia kumzika mtu aliye hai.

Mradi ulivunjwa. Mashine ilifungashwa ikaondoka. Watoto wanasomea chini ya turubai.

Tata Kasongo alitoka hospitali na mguu usiokunjika. Mikono yake ni mizima, macho ni mazima, na kazi ya kuongoza umwagaji zege anaweza kuifanya akiwa amesimama na fimbo. Lakini kila alipokwenda kuomba kazi, sentensi yangu ilikuwa imemtangulia. Vijana walimbandika jina: Tata Arrêt. Fundi anayesimamisha. Akipita sokoni mtu anamwuliza leo kuna mazishi gani. Parokia yake mwenyewe ilipojenga uzio ilichukua fundi mwingine, na padri alimweleza kwa upole kwamba waumini wana hofu.

Nilikuwa nayajua haya yote. Nilinyamaza miezi kadhaa. Nilijiambia kwamba nikipoteza kazi sitaweza kumsaidia, ingawa sikuwa namsaidia kwa lolote.

Mwishowe nilikwenda kwao. Tata Kasongo alikuwa ameketi uani, mguu ameunyoosha juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mama Béa alikuwa anachambua sombe, yaani kisamvu. Nilianza kusema maneno niliyoyaandaa, nikashindwa, nikasema tu kwamba niliisikia ile sauti siku aliyogonga.

Tata Kasongo aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo la zamani.

"Minajua. Nilikuona sura."

Mama Béa hakuacha majani yake.

"Ingénieur, ile rapport uliandika mu Français. Shiye hatuisomake. Lakini maneno yake inatembea mu Swahili, mu soko, mu église, fasi yote. Sasa na we uandike mu Swahili." Kwa kuwa ripoti yangu ya Kifaransa ilisambaa kwa Kiswahili sokoni, kanisani na kila mahali, alitaka jibu lake nalo liwe kwa Kiswahili.

Mumewe alimwambia aache, kwamba vijana wa leo wanaogopa kufukuzwa. Mama Béa alimjibu kwamba yeye, mumewe, alifukuzwa kila alipoomba kazi na bado anakula. Kisha akanigeukia, akangoja. Nikamwahidi.

Nilipoinuka kuondoka, Tata Kasongo alinishika mkono. Nilidhani ataniomba nisimtaje. Aliniomba kitu kingine.

"Kuandika asema sikusimama, apana. Nilisimama. Ule mutoto alikufwa."

Alikuwa ananizuia nisimtetee kwa kusema kwamba hakusimama. Alisimama, kwa sababu mtoto wa watu alikuwa amekufa. Nimeyaandika kama alivyotaka.

Baada ya siku ile niliandika ripoti ya pili, nikaambatanisha kumbukumbu ya mashine yenye namba yangu na picha za nondo tupu, nikaipeleka kwa wote waliopokea ya kwanza. Jibu lilikuja mstari mmoja: faili limefungwa. Mkataba wangu haukuongezwa. Sasa nasimamia ujenzi wa vyoo vya tofali katika wilaya nyingine, na kila ninaposhika kalamu ya kusaini mkono wangu unasita. Naona ni vyema usite.

Nilichojifunza ni kidogo, na nimekilipia kwa mguu wa mtu mwingine. Ukuta uliochapishwa unaweza kusimamishwa, haufi kwa kusimamishwa. Unakufa pale chuma chake kinapoachwa bila zege, na aliyejua akasaini. Kama unatumia matundu, jaza zege kidogo kidogo, tumia chuma kirefu kuhakikisha njia iko wazi, na fundi akigonga akakuita, vunja pale aliposema upaone kwa macho. Ukikuta pamejaa, umepoteza kipande cha plasta.

Wenye uzoefu na kazi hizi, nisahihisheni nilipokosea kitaalamu. Wenye hasira nami, andikeni, nitasoma zote.

Kwa mlioko Kolwezi nina ombi moja. Tata Kasongo anatafuta kazi ya kusimamia umwagaji wa zege. Mwiteni kwa jina lake, na mpeni kazi.